F inakuuma vidole? Anza na gita yenyewe: kuirekebisha nyumbani hatua kwa hatua

Kila mara naletewa gita na kijana hapa Kisumu, mara ni wa kwaya, mara ni mwanafunzi amenunuliwa na mzazi baada ya kuomba mwaka mzima, na hadithi ni ile ile ya kodi, yaani noti zinazopigwa pamoja, ati G na C naeza lakini F imenishinda, vidole vyangu ni laini, labda mimi sikuumbiwa gita. Huwa sijibu kitu kwanza. Naichukua nafinya F mwenyewe, na mimi nimecheza miaka mingi, na mara nyingi hata mimi inaniuma. Basi vidole vya huyo mtoto havina makosa. Gita za bei ya chini hutoka kiwandani nyuzi zikiwa mbali sana na freti, vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo, maana nyuzi zikiwa mbali hazikwaruzi na hakuna mteja atalalamika pale dukani, na kuzishusha vizuri kunataka fundi akae na hiyo gita karibu saa nzima, kazi ambayo bei yake haiwezi kulipa. Hiyo kazi imebaki ikikungoja wewe.

Na inafanyika nyumbani, kwa vitu vya kawaida. Nitaeleza venye mimi hufanya, kwa mpangilio ule ule, na tafadhali usiruke hatua, kwa sababu kila moja inabadilisha ile inayofuata.

Vitu vya kutafuta kwanza

Seti ya nyuzi mpya. Msasa namba 120, 240 na 400. Rula ya chuma yenye milimita. Penseli. Plaisi ndogo. Alenkii za namba mbalimbali. Kadi tatu za plastiki, za benki au zozote za saizi hiyo, nitaeleza za nini. Halafu fila geji, ile yenye majani membamba ya chuma mafundi wa bodaboda wanatumia kupima tapeti. Yangu ya kwanza niliazima hapo Kondele. Nilimwambia fundi, "Boss, niazime geji ya tapeti mpaka jioni," akaniangalia akasema, "Na pikipiki iko wapi?" Nilipomuonyesha gita alicheka akanipa na ya zamani iliyoshika kutu, ati hii baki nayo. Hiyo ya kutu ndiyo imenisaidia zaidi na utaona kwa nini.

Ukiangalia rula, wakati mwingine utaona sufuri haianzi pale mwisho kabisa, kuna nafasi kidogo kabla ya mstari wa kwanza. Isugue kwa tupa au msasa mpaka sufuri iwe ndio mwisho wa rula, la sivyo vipimo vyako vyote vitakuwa na kosa la milimita moja au zaidi na kwa gita milimita moja ni mlima.

Jua gita yako ni ya aina gani

Hii naomba uisome mara mbili. Kuna gita ya nyuzi za nailoni na kuna ya nyuzi za chuma, na ukikosea hapa utaiua. Ya nailoni ina shingo pana, kichwa chake kina matundu mawili marefu katikati, na kule chini kwa briji, kile kibao kilichogandishwa kwa tumbo la gita, nyuzi zinafungwa fundo. Ya chuma ina shingo nyembamba kidogo, kichwa kawaida ni kizima, na kwa briji kuna pini sita zimechomekwa kama misumari mifupi. Seti ya chuma ya kawaida ikikazwa inavuta kwa nguvu ya kilo sabini na kitu, ya nailoni ni kama nusu ya hiyo. Nimeletewa gita ya nailoni ambayo kijana aliuziwa nyuzi za chuma, akaambiwa zinatoa sauti kubwa, na kweli zilitoa kwa wiki kadhaa, halafu usiku mmoja briji ikang'oka na kipande cha ubao wa mbele. Huyo kijana alikuwa ameweka akiba muda mrefu na iliniuma sana kumwambia haitengenezeki kwa bei ya maana.

Maelezo yangu kuanzia hapa ni ya gita ya chuma. Mwenye nailoni, hatua za nati na sadoli, vile vijiti viwili vyeupe vinavyobeba nyuzi juu na chini, zinakuhusu pia, ila nyuzi zako hukaa juu kidogo zaidi na mara nyingi hauna trasi rodi, ile chuma ya ndani ya shingo.

Sasa ikague. Chukua karatasi ujaribu kuipenyeza chini ya briji upande wa nyuma. Ikiingia, briji inang'oka, legeza nyuzi zote leo leo uipeleke kwa fundi wa mbao mwenye klemu na gluu nzuri ya mbao, na usikubali mtu aipige skrubu. Gonga ubao wa mbele kwa kifundo cha kidole kila mahali, ukisikia kitu kinachezacheza ndani ni mbao za kuimarisha zimeachia, washa tochi ya simu uangalie kwa lile shimo. Halafu shika zile mashine za kutyuni moja moja, kaza skrubu ndogo na nati zake za chuma kwa upole. Kelele nyingi ambazo watu wanadhani ni freti hutoka hapo.

Nyuzi mpya

Hakuna kitu cha bei ndogo kinabadilisha sauti kama nyuzi mpya, na nashangaa watu wanakaa na zile za kiwandani miaka miwili mpaka zimekuwa nyeusi. Hapa karibu na ziwa hewa ina unyevu mwingi na joto, mikono inatoa jasho, chuma inashika kutu haraka kuliko mtu wa Nakuru anavyozoea. Uzi wenye kutu unatoa sauti iliyokufa, hautyuniki vizuri na unakula freti.

Kwa anayeanza nunua saizi nyepesi. Seti inaitwa kwa unene wa uzi wa kwanza, ule mwembamba kabisa, kwa hivyo ukisikia 12 maana yake ni seti ya 12 mpaka 53, zinatoa sauti nzito lakini zinataka nguvu. 11 mpaka 52 ni za katikati, na 10 mpaka 47 ni laini kabisa. Mimi huwawekea wanaoanza 11. Za 10 ni rahisi kufinya lakini sauti inapungua. Upande wa aina, broonzi ya 80/20 inang'aa na fosfa broonzi ina joto zaidi na inakaa muda kidogo zaidi bila kufa, chagua kwa masikio yako.

Kuziweka. Legeza za zamani kabla ya kukata, usikate uzi uliokazwa utakurukia usoni. Ng'oa pini, ikigoma ingiza mkono kwa shimo uisukume kutoka chini. Ukishatoa zote futa freti na ubao wa shingo kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, na kama huo ubao ni mbao tupu isiyo na vanishi unaweza kupaka tone mbili za mafuta ya limau ya kusafisha mbao halafu ufute yote. Mafuta ya kupikia hapana, yanaoza na kunata.

Uzi mpya una kale kapete mwishoni. Kunja mwisho huo kidogo, ingiza kwa tundu, weka pini mfereji wake ukiangalia upande wa shimo la sauti, halafu vuta uzi juu polepole huku unasukuma pini chini mpaka usikie kale kapete kamekaa kwa ubao wa ndani. Wengi wanakosea hapa, wanasukuma pini tu, kapete kanabaki kwenye ncha ya pini, pini inaruka kila ukityuni na ubao wa ndani unaliwa. Upande wa kichwa pitisha uzi kwa tundu, acha urefu wa kama sentimita tano wa ziada ndio uzungushe mara mbili au tatu, mizunguko ikishuka chini bila kupandana.

Tyuni kwa programu yoyote ya simu, noti ya A ikiwa hezi 440, kutoka uzi mnene: E A D G B E. Kila uzi ukaze ukitokea chini kwenda juu, ukipita noti rudi chini kabisa upande tena. Halafu vuta kila uzi kwa mkono katikati, kwa upole, tyuni tena, rudia mara tatu nne mpaka uache kushuka. Ukiruka hii utalaumu mashine za kutyuni bure.

Sasa acha gita ilale mpaka kesho. Shingo inahitaji kuzoea mvuto mpya kabla hujapima kitu.

Shingo

Shingo haifai kunyooka kabisa kama rula, inataka kabonde kadogo sana katikati ndio nyuzi zipate nafasi ya kutetema. Kupima, bana uzi wa sita, ule mnene kabisa, kwa freti ya kwanza, kwa kepo (kile kibanio cha shingo) au rafiki akufinyie, wewe finya pale shingo inaungana na tumbo, mara nyingi freti ya 14. Uzi sasa umekuwa rula yako. Angalia nafasi kati ya uzi na freti ya 7, ingiza fila geji. Kati ya 0.1 na 0.3 ni sawa, 0.2 ndio napenda. Huna geji, karatasi ya kawaida ya fotokopi ni kama 0.1, kwa hivyo karatasi mbili zikipita zikigusa kidogo uko sawa.

Nafasi ikiwa kubwa, kaza trasi rodi. Hiyo ni chuma iliyo ndani ya shingo, tundu lake liko ndani ya shimo la sauti au kichwani chini ya kifuniko kidogo cha plastiki. Tumia alenkii inayoingia imara, ile inayochezacheza itaharibu tundu na hapo umejitafutia balaa. Legeza nyuzi kidogo, zungusha kulia kama mshale wa saa, moja ya nane tu ya mzunguko, usizidishe robo. Tyuni, pima tena, ngoja, pima tena. Kama hakuna nafasi kabisa na uzi umelala juu ya freti, zungusha kushoto. Ikigoma, simama hapo. Usiongeze nguvu, usiitie mkono wa kukaza tairi.

Na muhimu, hii chuma ni ya kurekebisha kabonde ka shingo tu. Kuna watu wanaikaza wakitaka kushusha nyuzi, shingo inapinda nyuma, freti za kwanza zinaanza kukwaruza, halafu wanasema gita imeoza.

Nati, na hapa ndipo F yako imefungwa

Nati ni kale kajiti keupe ka juu kenye mifereji sita, mahali nyuzi zinatoka kwa kichwa kuingia shingoni. Mifereji ikiwa juu sana, kufinya freti ya kwanza ni kama kufinya uzi umefungwa kwa daraja. Na F inafinyiwa wapi? Freti ya kwanza, nyuzi zote sita. Ndio maana G haikuumi na F inakuuma.

Jaribu hivi. Weka kepo freti ya kwanza halafu cheza umbo la E, au lile umbo la F ukilipandisha freti moja. Ikiwa ghafla imekuwa rahisi sana, umeshajua mwizi ni nani. Kipimo kamili ni hiki: finya uzi kati ya freti ya 2 na ya 3, halafu angalia nafasi iliyobaki juu ya freti ya kwanza. Inafaa iwe ndogo sana, karatasi moja ipite ikigusa, kwa nyuzi nene zidisha kidogo tu. Ukigonga uzi hapo juu ya freti ya kwanza unafaa kusikia kamlio kadogo ka chuma kugusana. Gita nyingi mpya nimezipima nafasi hiyo ni mara nne tano ya karatasi.

Kuchimba mfereji kunahitaji kifaa chembamba kama uzi wenyewe. Mafundi wa gita wana tupa zao maalum na ni ghali. Sisi tuna njia zingine. Kwa nyuzi nene tatu, chukua kipande cha uzi wako wa zamani wa saizi ile ile, kile kilichozungushiwa waya, kisugue kwa mfereji mbele na nyuma kama msumeno, kwa nati ya plastiki inakula polepole na inaacha mfereji wa umbo sawa kabisa. Kwa nyembamba tatu, ndio ile fila geji ya kutu. Chukua jani la unene karibu na uzi, uzi wa kwanza wa seti ya 11 ni kama 0.28 ya milimita kwa hivyo jani la 0.30 ni sawa, ligonge makali kwa tupa mpaka liwe na meno madogo madogo kama msumeno. Mafundi wa kuchomelea wa jua kali nao wana zile sindano za kusafisha tochi ya gesi, zina makali na saizi mbalimbali, zinafaa pia kwa nyuzi za katikati.

Legeza uzi, utoe kando, chimba mara tano sita, rudisha, tyuni, pima. Tena. Tena. Najua inachosha lakini milimita sehemu ya kumi ndio tofauti kati ya gita nzuri na uzi unaokwaruza. Mfereji uteremke kidogo kuelekea kichwani ndio uzi ushike pale mbele kabisa upande wa freti, ukiteremka upande mwingine uzi utalia kama nyuki na hautatyuniki.

Ukichimba kupita, usilie. Weka bekingi soda kidogo kwenye mfereji, sio bekingi pauda, dondosha tone moja la supaglu nyembamba, inakauka papo hapo na kuwa ngumu kama jiwe, halafu chimba upya. Fanya dirisha likiwa wazi, huo moshi unachoma macho, na funika mbao zilizo karibu kwa selotepu.

Ukimaliza chora penseli ndani ya kila mfereji. Ile grafaiti inalainisha, na ile shida ya uzi kugoma halafu kuruka kwa kishindo wakati wa kutyuni inaisha.

Binti wa dada yangu huko Kakamega alikuwa ameacha gita miezi mitano. Nilipoenda likizo nilikaa na hiyo gita kwa veranda mchana mmoja, nikafanya nati peke yake, sadoli hata sikuigusa. Akaichukua akafinya F akanyamaza. Akaniuliza, "Mjomba, umebadilisha gita?"

Sadoli

Sasa kimo cha kule chini. Kile kijiti cheupe kwenye briji ndicho sadoli. Pima kwa freti ya 12, bila kufinya chochote, kutoka juu ya freti mpaka chini ya uzi. Uzi wa sita 2.4 mpaka 2.8, uzi wa kwanza 1.8 mpaka 2.0. Hapa ndipo kadi zinaingia. Kadi ya benki ina unene wa 0.76, kwa hivyo kadi tatu zilizopangwa ni kama 2.3 na mbili ni 1.5. Kadi tatu zikipita chini ya uzi wa sita kwa ulaini zikibakisha nafasi ndogo, na mbili pamoja na karatasi tatu chini ya uzi wa kwanza, usiguse kitu, gita yako iko sawa. Lakini gita ya bei ya chini utapata kadi tano zinapita hapo.

Hesabu ni rahisi: freti ya 12 iko katikati ya uzi, kwa hivyo ukitaka kushusha milimita moja hapo, lazima utoe milimita mbili kwa sadoli. Mfano uzi wa sita una 3.6 na unataka 2.6, toa 2.0. Uzi wa kwanza una 2.6 na unataka 1.9, toa 1.4. Andika hizo namba.

Legeza nyuzi zote, toa sadoli kwa plaisi ukiweka kitambaa, kumbuka upande upi ni wa uzi mnene. Chora mstari wa penseli upande wa chini ukifuata hizo namba zako, huku 2.0 na huku 1.4. Weka msasa wa 120 juu ya kioo au tailsi iliyo sawa, usugue sadoli upande wa chini, kamwe usiguse juu maana juu kuna mviringo unaofuata shingo. Shika wima kabisa. Chini kukiwa na mviringo hata kidogo, sadoli haitashika ubao vizuri na sauti inakufa, na kama gita yako ina pikapu, kile kifaa cha kunasa sauti, ndani ya briji utapata uzi mmoja unanong'ona na mwingine unapiga kelele. Ukikaribia mstari hamia 240 halafu 400. Simama kabla ya mstari, rudisha, tyuni, pima, cheza. Kutoa tena ni rahisi, kurudisha ndio kazi.

Kama sadoli imebaki fupi sana, haijainuka hata milimita tatu juu ya briji, na bado nyuzi ziko juu, hiyo ni pembe ya shingo na ni kazi kubwa ya fundi. Kwa gita ya bei ndogo mimi huweka nyuzi za 10 tu na kuendelea.

Ukitaka sauti ipande daraja, tengeneza sadoli ya mfupa. Zile za plastiki laini zinameza sauti. Omba mwenye bucha mfupa wa mguu wa ng'ombe, sehemu iliyonyooka na nene, chemsha utoe mafuta na nyama, uache kwa maji ya sabuni siku kadhaa, uanike ukauke kabisa wiki mbili, halafu kata kwa msumeno wa chuma na usugue mpaka ufuate umbo la ile ya plastiki. Vaa maski, vumbi ya mfupa si nzuri kwa mapafu. Ingie kwa mfereji kwa kubanwa kidogo bila kuchezacheza. Mara ya kwanza nilipoweka mfupa nilisikia besi ikitoka imesimama, kila noti na mahali pake. Ukicheza kwa dole gumba na kidole cha shahada, ule mtindo wa omutibo wa Magharibi ambao George Mukabi aliupaisha miaka ya 1950, utaelewa nasema nini, gumba linahitaji besi inayojibu haraka, haitakiwi kuburura miguu.

Bado inakwaruza

Tafuta ni wapi. Ukicheza nyuzi wazi tu ndio inakwaruza, nati imechimbwa sana. Freti za kwanza mpaka ya tano, shingo imenyooka kupita kiasi, legeza trasi rodi kidogo. Juu kuanzia ya 12, sadoli iko chini sana. Mahali pamoja tu, kuna freti imeinuka. Chukua ile kadi, isimamishe kwa ukingo wake mrefu au mfupi ili iguse freti tatu kwa wakati mmoja, ikiyumba kama meza ya mguu mfupi basi ile ya katikati imeinuka. Wakati mwingine ni kuigonga tu kwa kipande cha mbao na nyundo ndogo ikarudi. Kama haishuki mpe mwenye uzoefu, kusawazisha freti bila mazoezi utaziharibu zote.

Ncha za freti zinazokata mkono zisugue kwa msasa wa 400 uliozungushiwa kipande cha mbao, kwa mwelekeo wa shingo. Dakika kumi.

Kisha linganisha uzi ukifinywa freti ya 12 na ile sauti ya kengele ukiugusa tu bila kufinya hapo hapo juu ya freti. Zinafaa kuwa noti moja. Iliyofinywa ikiwa juu kidogo kwa nyuzi zote, mara nyingi ni kimo bado kikubwa au nyuzi zimechoka, kwa hivyo usikimbilie kuchonga sadoli.

Kuitunza kwa hali ya hewa yetu

Mbao inakunywa maji ya hewa na inayarudisha. Gita inapenda unyevu wa asilimia 45 mpaka 55. Kisumu na Kakamega mvua za Machi mpaka Mei zinaifanya ivimbe, ubao wa mbele unainuka na nyuzi zinapanda nao. Nakuru Januari na Februari kukiwa kikavu inafanya kinyume, ubao unashuka, ncha za freti zinatokeza nje. Kwa hivyo gita uliyoiseti Kisumu ikipanda Kericho mpaka Nakuru ikae huko miezi, itabadilika na hiyo si kuharibika, ni kupima tena na kugusa trasi rodi kidogo. Wakati wa ukavu ifungie kwa begi lake na kasifongo kenye unyevu ndani ya kasahani ka sabuni kenye matundu.

Usiitundike chini ya mabati mchana, wala kuiacha kwa gari kwenye jua, hiyo joto inalainisha gluu na briji inaanza kuinuka. Kwa matatu usikubali iwekwe juu kwa keria. Legeza nyuzi noti moja au mbili, kaa nayo miguuni.

Futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza kucheza, juu na chini yake. Halafu chukua kikaratasi, andika tarehe ya nyuzi, saizi yake, kabonde ka shingo na kimo cha freti ya 12 pande zote mbili, ukiweke mfukoni mwa begi la gita. Mvua zikianza, toa hicho kikaratasi upime tena.